Pakia Kwanza, Ndipo Upime

Chapwa, Tunduma
4 Novemba 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Huku Chapwa tu wazima. Tuku ameng'oka jino la mbele na anajivuna utadhani kalilima na kulivuna mwenyewe. Mwanao Lusajo bado yuko kwenye foleni ya malori upande wa Kongo, kwa hiyo barua hii ni yangu, usimtafute yeye ndani yake.

Naandika kwa sababu simu ingekuwa sauti yangu sikioni mwako. Marehemu Mama alinikalisha jikoni siku niliyofika Kafule nikiwa bibi harusi, akanifundisha: baba mkwe hatazamwi usoni, hapishwi njiani kwa kugusana mabega, halitamkwi jina lake wala neno lolote lenye mlio wa jina hilo. Mimi Mnamwanga wa Tunduma, ukali wa namna hiyo sikukua nao, lakini niliahidi na nimeshika. Unajua mwenyewe Kiswahili kinavyonikomesha. Unapolima mahindi naita konde. Kitu cha kufungia ng'ombe naita ugwe, watu wananikodolea macho. Mtu asiye mnene namwita aliyekonda, ananuna. Hata zile tarakimu za kwenye kibao cha gari siwezi kuzitaja kama watu wengine wanavyozitaja.

Jambo lenyewe ni pikapu. Mwezi wa nne ilikwama tena pale kilima cha Lalang'ombe, tumbo limelala juu ya tope, magurudumu yanazunguka bure. Abiria walishuka wakabeba magunia yao kichwani, na Baba mdogo Hezron akasimama kando ananicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sijasahau kile kicheko. Tairi zilizopo ni ndogo na zimekwisha meno. Nataka kuivalisha saizi thelathini na tatu, pana, zenye meno ya kung'ata. Nimeziona ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Boazi muuza tairi. Gari litainuka, tumbo litatoka matopeni, na mbolea ya watu wa Kafule nitaipandisha mwenyewe kabla ya Krismasi.

Siombi ruhusa, Baba. Naarifu. Ila ukinibariki nitafurahi.

Mkweo,
Aida, Mama Tuku

*

Kafule, Ileje
11 Novemba 2024

Mama Tukuswiga,

Marahaba. Jino litupwe juu ya paa, jipya lije upesi.

Jibu langu ni hapana.

Pikapu ile ni namba A, ni mzee mwenzangu. Springi zake ndizo ilizotoka nazo kiwandani, sijaongeza hata bamba moja. Shokapu ni aina ile ile. Gari la namna hiyo likiwa tupu lina kiburi, linasimama juu. Ukilipakia, linachuchumaa. Tairi ulilolitaja litakula bodi. Tena gia zitakuwa nzito mlimani, breki zitachelewa kushika, na mshale wa spidi utakudanganya, utaona hamsini kumbe unaruka. Halafu unataka pana! Tope la Lalang'ombe si mchanga. Tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Nyembamba hukata tope mpaka likakuta udongo mgumu huko chini. Kilima kile nilikipanda miaka yote mpaka macho ya mbali yaliponiaga. Ya karibu bado yapo, ndiyo haya ninayoandikia.

Kuna jambo lingine, na ni zito. Ukoo ulikaa uani kwangu Jumapili baada ya ibada. Hezron, mdogo wangu, ameleta mnunuzi kutoka Saza, mtu wa machimbo. Anasema gari la ukoo kuendeshwa na mke wa mtoto ni aibu, na likikwama ni aibu mara mbili. Tumefikia hapa: mbolea ikifika uani kwangu kabla ya Krismasi ndani ya gari hilo, gari linabaki mikononi mwako. Isipofika, linauzwa. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa mmoja na wao ni wengi. Usiniulize zaidi.

Najua kwa nini huandiki shamba wala kamba. Heshima hiyo naiona kila nikifungua barua yako. Basi niheshimu na kwenye tairi.

Ambakisye

*

Chapwa, Tunduma
20 Novemba 2024

Kwako Baba,

Shikamoo, ingawa naiandika nimeuma meno.

Hata barua yako ilipofika, tairi nilikuwa nimeshanunua. Boazi alizigonga kwa ngumi akaniapia, "Bamayo, mama yangu, hizi zikiingia matopeni, matope yenyewe yanahama." Zimefungwa. Nimekata stelingi mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, hazigusi. Nimekwenda nayo Nanyala na kurudi, hazigusi popote. Mtaani wameanza kuiita Ndovu, na mimi nikipita nakaa wima kidogo, sikufichi.

Sasa nikuulize. Jana kondakta wa basi la Itumba amenikabidhi kifurushi chako. Hakina barua wala salamu, ndani yake fimbo! Fimbo ya mwanzi, imenyooka, imelainishwa vizuri, ina alama mbili za kisu. Nimekusoma, Baba. Alama ya kwanza ni kosa la kununua, ya pili ni kosa la kutoomba ruhusa. Kwetu mwenye fimbo huja nayo mkononi, haipandi basi ikakatiwa tiketi. Na wewe huwezi kuja, maana mwiko uleule unaonizuia kukutazama unakuzuia kunichapa.

Nililia, nakwambia kweli. Halafu nikaifunga fimbo yako kwa waya kwenye ngao ya mbele, juu kabisa, ionekane. Kila mtu wa Tunduma ajue gari hili limechapwa na bado linatembea.

Huyo mtu wa Saza mwambieni atafute gari lingine. Hili lina dereva.

Mkweo,
Mama Tuku

*

Kafule, Ileje
27 Novemba 2024

Mama Tukuswiga,

Nimesoma neno fimbo nikavua miwani, nikaivaa tena, neno bado lipo.

Huyo Lusajo wako alipovunja kioo cha pikapu hiyo hiyo kwa jiwe la manati, sikumgusa. Leo nikuchape wewe, mtoto wa watu? Kulikuwa na barua ya maelezo. Nilimpa Mchungaji Raphaeli aje nayo Tunduma kwenye mkutano wa kanisa, na juzi nimemkuta hapa hapa Kafule nayo bado imo ndani ya Biblia yake. Safari yake iliahirishwa. Nimeichukua nikawashia moto wa chai. Sitaandika mara ya pili. Aliyeona fimbo na aendelee kuona fimbo.

Neno moja nakupa, kwa ajili ya mjukuu wangu anayekaa kiti cha pembeni humo ndani: pakia kwanza, ndipo upime.

Ambakisye

*

Kafule
10 Desemba 2024

Kwa mke wa Lusajo,

Habari zimenifikia kuwa umekwama Itumba na mbolea yetu, lami imeisha na ujanja umeisha. Mimi nilisema mbele ya watu, nikaonekana mchawi. Gari si sufuria.

Mnunuzi wa Saza yupo hapa kwangu, anakula na kulala. Picha ya hizo tairi kubwa ameiona na amezipenda, anasema machimboni gari refu lina heshima. Kwa hiyo hukufanya vibaya, umelipamba tukaliuze. Mkabidhi funguo huyu aliyeleta barua. Kaka yangu anakuonea haya kukueleza, mimi sina haya hiyo.

Baba yako mdogo,
Hezron

*

Itumba
11 Desemba 2024

Kwako Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika wakati mzuri. Ardhi hapa ni laini, nimeikunja nikaiweka chini ya jeki.

Funguo ninazo mimi.

Mama Tuku

*

Itumba
16 Desemba 2024

Kwako Baba,

Shikamoo, na safari hii kwa magoti.

Nilipakia mbolea Tunduma asubuhi, gari likachuchumaa kama ulivyosema. Nikajipa moyo. Lami yote nilikuja polepole, na kila kwenye tuta nasikia nyuma kitu kinajinoa. Kabla ya kufika Itumba harufu ya mpira unaoungua ikaingia dirishani, Tuku akaziba pua. Kushuka naangalia, bodi imechana tairi la nyuma ubavuni. Jingine limechubuka. Ndovu wangu alikuwa Ndovu akiwa na tumbo tupu tu.

Nilikata ule waya nikachukua fimbo yako nikwangue tope juu ya gurudumu. Tope lilikuwa limeganda, nikaikita ncha ya fimbo katikati ya gurudumu, kwenye kitovu, nipate nguvu. Baba, ile alama ya chini ikaenda kukaa mahali pamoja na ukingo wa bodi, sawia, kama imechongwa pale pale. Halafu tukashusha mbolea yote kwa Fausta, binamu ya Lusajo, gari likainuka, nikaikita fimbo tena. Alama ya juu ikafika kwenye ukingo.

Sasa nimejua ulikuwa unafanya nini mwezi wa nne, gari lilipokuwa uani kwako, mara tupu, mara na mahindi ya kushuka nayo, na mimi nimejificha jikoni kwa kuwa upo. Nilisikia unalizunguka unalipapasa. Nikadhani unakagua kama nimelikwaruza. Kumbe hukunichapa, ulinipimia. Tairi lazima liishie chini ya ile alama ya chini, na libaki na nafasi ya kuruka.

Kwa neno fimbo nisamehe. Kwa kutaka tairi kubwa siombi msamaha, na hata ningerudi nyuma ningetaka tena, maana zile za zamani zilikuwa vipara na gari lilihitaji kuinuka. Nilikosea kimo, shabaha sikukosea.

Nimepanda basi mpaka Nakonde na fimbo yako mkononi, watu wananipisha. Tairi mbili zilizobaki nzima Boazi amezipokea, na zile mbovu amezikataa. Nimechukua saizi thelathini. Ulisema ziwe za namna ile, lile neno nisiloweza kulitaja. Nikamwambia Boazi nataka zilizokonda. Akaniletea vipara! Nikasema hapana, zisizo na kiuno kipana. Akaita wenzake waje wanisikilize. Mwisho nikamwonyesha kwa viganja, hivi, akasema, "Aaa, bamayo, si ungesema!" Ningesema vipi?

Zimefungwa, mbolea imepakiwa, na nimepima baada ya kupakia. Kuna nafasi ya ngumi nzima. Mvua haijakatika na Lalang'ombe najua ilivyo. Keshokutwa Jumatano napanda. Baba mdogo na mgeni wake wakae uani wanisubiri, na kama kuna chai waninywee yangu.

Mkweo,
Mama Tuku

*

Kafule, Ileje
22 Desemba 2024

Mama Tukuswiga,

Haya ninayoandika ningeyasema siku ile ile, lakini nilikuwa nimekupa mgongo, na mgongo hauna mdomo. Ukashusha mbolea uani, ukaingia jikoni kama kawaida yako, asubuhi umeondoka. Kwa hiyo pokea barua.

Jumatano nilishuka kwa miguu mpaka chini ya Lalang'ombe. Macho hayaoni mbali ila nyayo zinakijua kile kilima, wapi pamebonyea, wapi pana mwamba chini ya tope. Nikasikia injini. Mwiko unasema nisikutazame, haukusema nisitembee mbele yako. Nikasimama katikati ya njia nimeelekea juu, nikatandaza mikono. Mkono wa kulia ukipanda, ukaenda kulia. Mkono ukishuka, ukapunguza. Nilikuwa nasikia kila gia unayoingiza. Tairi zilikata tope, sikusikia zikizunguka bure hata mara moja mpaka tulipofika kwenye kona.

Pale kwenye kona nyuma ikaanza kuteleza kuelekea korongoni. Watu wa Kafule waliokuja kusaidia wakakimbilia kando yangu. Na wewe ukapiga kelele, "Ugwe! Leteni ugwe!" Hakuna aliyejua ugwe ni nini. Walisimama na kamba mabegani mwao, Mama Tuku, wanatazamana! Ukaita tena ugwe. Gari likateleza tena. Mjukuu wangu akalia humo ndani.

Ndipo nikasikia, "Kamba! Kamba! Kamba!"

Zikarushwa tatu kwa pamoja. Wakafunga kwenye mti, wakashika, ukakanyaga mafuta, likapanda. Nilitaka kugeuka. Kwa maisha yangu yote sijataka kitu kama nilivyotaka kugeuka pale. Sikugeuka. Uso wangu ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa imeacha kidogo, kwa hiyo mwiko ulinisaidia.

Jioni Hezron aliitisha watu. Mbolea imefika, akakubali, lakini akasema umeliita jina la mkwe wako mara tatu hadharani, umevunja mwiko, mwenye mwiko uliovunjwa hapewi mali ya ukoo. Mnunuzi wa Saza alikuwa ameshachukua kofia yake akalikague gari. Wazee wawili wakatikisa vichwa kumkubalia.

Nikasimama. Safari hii nilikuwa mmoja vilevile na wao wengi vilevile. Nikawaambia, hilo neno lina mlio wangu mimi, si wenu, na mimi niliposikia niliitika. Nikamuuliza Hezron, jina langu lina faida gani kama haliwezi kuvuta gari lenye mjukuu wangu ndani? Akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. Mtu wa Saza ameondoka na basi la asubuhi, na mfuko wa maharage nimempa, maana hana kosa.

Gari ni lako. Si la Lusajo, ni lako wewe. Kadi ya gari anayo Mchungaji Raphaeli, na safari hii nitamsindikiza mpaka mlangoni mwa basi.

Tena chukua na maneno yako. Shamba, kamba, namba, nyembamba, yote nakurudishia, yaseme popote. Kijana wa leo hajui ugwe, na mimi sitaki siku nyingine mtu afe anatafuta neno la heshima. Ila jina lenyewe liache. Mimi bado mzee, nawe bado mkwe wangu, kidogo kibaki.

Ambakisye

*

Chapwa, Tunduma
3 Januari 2025

Kwako Baba,

Shikamoo.

Shamba. Kamba. Namba. Nyembamba. Tambarare. Naandika tu niyaone. Nilipokuwa naosha gari niliyasema yote kwa sauti, Tuku akaniuliza, mama unaimba nini? Nikamwambia ni wimbo wa babu yako. Sasa anaurukia kamba uwanjani, jino jipya limeanza kuchungulia.

Kadi imefika. Mchungaji Raphaeli aliitoa kwenye Biblia mbele yangu, akaomba radhi kwa ile barua nyingine, nikamsamehe, maana bila yeye nisingepata kisa cha kumsimulia Lusajo. Lusajo amevuka mpaka juzi. Ameizunguka pikapu, ameipiga teke tairi, akauliza nani kachagua saizi. Nikamwambia, mimi na baba yako. Akauliza, mlikaa lini mkazungumza? Nikamwonyesha fimbo. Nimeitundika juu ya kioo cha mbele, ndani, pahali pa heshima.

Kwa tairi nilikaidi na ukanishinda. Kwa hili linalofuata nimekaidi tena, na nakuarifu mapema.

Gari likiwa lako unaliandika nyuma. Wenzangu stendi wameandika Wivu Sumu, wameandika Mungu Hadaiwi. Mchoraji wa hapa Chapwa akaniuliza, mama wewe tukuchoree nini? Umeniagiza jina lenyewe niliache, Baba, na mdomo wangu umeliacha, haujalitamka mpaka leo. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi, yeye akasoma. Mwiko unakataza mdomo. Kuhusu brashi, marehemu Mama hakunifundisha kitu.

Baba mdogo Hezron akitaka kuitisha kikao, aitishe. Atakuwa analisoma kila nikimpita.

Kesho napakia, nitapima, nitapanda. Nikifika uani sitakimbilia jikoni. Nitageuza gari nikupe mgongo wake, kama ulivyonipa wako siku ile, na utasoma kwa hayo hayo macho yaliyokuaga, kwa kuwa nimeagiza herufi nyeupe, kubwa, upana mzima wa mlango wa nyuma: AMBAKISYE.

Mkweo,
Aida